Gulandam na Njia ya Fito

Gulandam, mke wa Khayal Beg, hakuwa mwoga wa kila kitu. Hilo lisemwe mapema, maana watu wa bonde letu wakishambandika mtu jina hawambandui. Mbwa mwitu alipoingia zizini wakati wa theluji, ni Gulandam aliyetoka na koleo, miguu mitupu, akamtoa. Mto ulipofurika mpaka kizingitini, aliubeba unga kichwani huku akiyatukana maji. Alichokiogopa kilikuwa kimoja tu, lakini kilikaa juu ya njia ambayo kila mwanamke wa kijiji alipaswa kuipita.

Kila mwaka, shayiri ikishachipua, wanawake hupandisha mifugo kwenye malisho ya juu, na wanaume hubaki chini na mashamba na mifereji. Ndivyo ilivyo. Mwanamume akilala kule juu siagi haishiki, wazee walisema, na hata yule asiyeamini hajawahi kujaribu. Kati ya kijiji na malisho kuna genge la mwamba uliosimama wima. Hapo hakuna njia ya kuchimba, kwa hiyo watu wa zamani walipigilia vigingi kwenye nyufa za mwamba, juu ya vigingi wakalaza fito, na juu ya fito wakapanga mawe bapa. Upande mmoja una ukuta wa jabali. Upande wa pili una hewa. Chini kabisa uko mto, mweupe kwa povu, unanguruma mpaka mtu wa mbele asimsikie wa nyuma. Kila masika wanaume huirekebisha njia ile palipoliwa na barafu, na kila masika pana mahali wanapopasahau.

Mama yake Gulandam aliolewa kutoka bonde la chini, kule kwenye barabara pana ya magari. Hakuna aliyemfundisha njia ya fito kwa utulivu. Walimwambia tu fuata wenzako. Mwaka ule Gulandam alikuwa kisichana, anatembea nyuma ya mama yake. Mama alibeba tenga mgongoni, limejaa blanketi na masufuria, na kwa hofu akawa ameukumbatia ukuta. Hilo ndilo kosa linalotuua huku. Mwenye hofu hukimbilia ukuta, kumbe tenga ni pana kuliko mabega. Likikwaa kwenye jiwe lililotokeza, jiwe halisogei. Anayesogea ni mtu. Gulandam alisikia tenga likikwaruza mwamba, kisha akaona njia mbele yake ni tupu. Ukelele hakuusikia. Mto ulikuwa unanguruma.

Mahali penyewe panaitwa Puani, kwa sababu jabali limetokeza kama pua. Baada ya siku ile Gulandam hakupita tena. Walimbeba kumrudisha, macho yamefungwa kwa shela, na alipokua akawa mtu wa chini. Alipoolewa, mama mkwe wake, Bibi Daulat, alilijua jambo hilo na akalikubali. Alisema magoti anayo, ataendelea kupanda yeye mwenyewe, na mkwe abaki kulima. Wanawake wengine walicheka. Wakampa jina, Bibi Bondeni, na yeye akaitika kama vile ni jina alilopewa na babake.

Miaka ikaenda hivyo, mpaka magoti ya Bibi Daulat yakaisha. Msimu mmoja alifika kwenye mdomo wa genge akiwa amepanda punda, akashuka, magoti yakakataa kunyooka. Alirudi. Ng'ombe wao wa manyoya marefu walikamuliwa na majirani, na kibanda chao cha mawe kule juu kikakaa bila moto majira yote ya joto. Na kanuni ya malisho inajulikana na kila mtoto: meko yakikosa moto msimu wa pili, kibanda na zizi lake vinakwenda kwa nyumba nyingine, na aliyenyang'anywa harudishiwi. Bila kibanda hakuna mahali pa kukamua, bila kukamua hakuna siagi, na nyumba isiyo na siagi wakati wa baridi huku kwetu haina haja ya kuelezwa.

Aliyekitaka kile kibanda alijulikana pia. Alikuwa Zewar, binti wa baba mkubwa wa Khayal Beg, mjane mwenye mbuzi wengi na mdomo mwingi zaidi ya mbuzi. Kibanda chake kilipakana na cha Bibi Daulat, na kilimbana. Baridi nzima alipita mlangoni kwa Gulandam akiuliza, kwa upole wa kuudhi, kama lile paa la kule juu lina miti mizuri au itabidi abadilishe.

Khayal Beg alikuwa mtu mwema lakini mwepesi wa kuchoka. Alimwambia mkewe waache tu, wauze ng'ombe, wabaki na kondoo wachache. Gulandam alikuwa anakanda unga. Alikanda mpaka ule unga ukawa mgumu kama kisigino, na jioni mkate haukulika. Asubuhi alikwenda kwa mama mkwe wake, akakaa chini, akamwambia kwamba hawezi, na kwamba kibanda hakitoki.

Bibi Daulat aliinua vidole viwili. "Hayo ni maneno mawili," alisema. "Tuanze na hilo la pili."

Alimtuma alete tenga, akalijaza majani makavu, jepesi kabisa, akamvika. Kisha akajikokota mpaka nje ya ghala la shayiri, akakaa juu ya jiwe na fimbo yake, akamwamuru Gulandam atembee kando ya ukuta wa ghala, aende na kurudi, tenga lisiguse. Ardhi ilikuwa tambarare. Kuku walikuwa wanadonoa pale pale. Hata hivyo Gulandam alipouona ukuta ubavuni na kuuhisi mzigo mgongoni, alisogea bila kujua, akasogea tena, na tenga likakwaruza. Ile sauti. Akachutama kati ya kuku, mikono masikioni.

Fimbo ikaligonga tenga. "Umegusa," Bibi Daulat alisema. "Rudia."

Wakarudia asubuhi ile, na asubuhi zilizofuata. Ukuta ukawa kama una mikono. Kila akipita ulimvuta. Bibi Daulat hakumbembeleza. Alimuuliza kama ule ukuta ni mumewe, mbona anaung'ang'ania hivyo, na kama ni mumewe, basi yule Khayal Beg aliyemo ndani ni nani. Gulandam alicheka siku hiyo kwa mara ya kwanza, na alipokuwa anacheka alipita ukuta mzima bila kugusa, naye hakujua mpaka alipofika mwisho na kusikia kimya cha fimbo.

Kutoka ghala walihamia kwenye ukingo wa mfereji, ule unaozunguka juu ya mashamba, ambako mtu akiteleza anaangukia shambani na kuchekwa tu. Majani yakatolewa, ikaingia sufu, zikaingia kuni. Hapo Gulandam alijifunza jambo ambalo mwili wake ulilikataa kwa nguvu zote: pa kutembea ni nje, kwenye ukingo, si ndani. Punda wanalijua hilo. Punda mwenye mzigo hutembea pembeni kabisa, kwato zinaning'inia karibu na hewa, na wageni humwona ni mjinga. Bibi Daulat alimruhusu mwanzo aguse upande wa kilima kwa kiganja. Kisha kwa vidole. Kisha kwa kidole kimoja tu, kile kidogo. Kisha kidole kikakatazwa, na Gulandam alitapika chai yake yote mferejini, akaosha mdomo kwa maji yale yale, akaanza upya.

Theluji ilipoanza kuyeyuka na kubaki vileleni tu, walikwenda kwenye mdomo wa genge. Bibi Daulat alipanda punda. Siku ya kwanza hawakufanya lolote ila kukaa na kunywa chai ya chumvi, wakiitazama njia. Gulandam hakuweza kuitazama; aliitazama chai. Mngurumo wa mto ulipanda kupitia mawe, ukaingia makalioni, ukafika menoni. Bakuli lilipoisha walirudi nyumbani. Khayal Beg aliuliza wamefika wapi, mama yake akamjibu wamefika mwisho wa chai.

Siku nyingine Gulandam alikanyaga fito za kwanza, bila tenga, akarudi. Fito hunesa. Hilo alikuwa amelisahau. Unakanyaga, na kitu kinashuka kidogo chini ya mguu wako kabla hakijakushika, na katika ule udogo wa muda mtu hufa mara nyingi. Alikanyaga, akarudi, akakanyaga, akarudi, jasho likimtiririka mgongoni kwenye upepo wa barafu. Siku iliyofuata alifika kwenye jiwe jeusi lenye utando wa kijani. Siku nyingine alilipita jiwe, akafika pale njia inapopinda na mama mkwe hamwoni tena.

Ni hapo alipokutwa na mbuzi.

Zewar alikuwa anawapeleka mbuzi wake kuonja majani ya mwanzo ng'ambo ya kona, na Bibi Daulat alipaza sauti kuonya, lakini mto ulinguruma, hakuna aliyemsikia mwenzake. Gulandam aligeuka akaona pembe. Njia haina nafasi ya viumbe wawili. Mtu anayejua angeegemea mwamba kwa viganja, mgongo ukiwa nje, akawaacha wapite kwa ndani, chini ya mikono. Gulandam alisahau kila alichofundishwa. Alilala kifudifudi, akashika fito kwa kucha, na mbuzi wote wa Zewar wakapita juu yake mmoja baada ya mwingine, kwato mgongoni, kwato shingoni, na vijiwe vikimwagika pembeni ya uso wake kwenda chini, na yeye akivisikiliza visivyofika. Alipitisha macho kwenye ufa kati ya fito akauona mto. Alibaki hivyo hata baada ya mbuzi kwisha.

Zewar akafika, akasimama juu yake. "Wifi," alisema, "nilijua unataka kuwa mtu wa malisho. Sikujua unataka kuwa zulia."

Kijiji kizima kilikula na habari hiyo. Kisimani walimuuliza kama hutandikwa wageni wakija. Khayal Beg alirudi kutoka mashambani amekunja uso, akasema sasa basi, atamfunga kamba kiunoni na kumvuta kama ndama, au wamalize habari hii. Gulandam alikuwa amejifunika blanketi tangu mchana. Alitamani kukubali. Alikuwa na neno mdomoni tayari. Kama Khayal Beg angenyamaza kidogo tu, angekubali. Lakini aliongeza kwamba hakuna aibu, kila mtu anajua yeye ni Bibi Bondeni.

Gulandam alikaa. "Mume wangu," alisema, "kamba mfunge ndama."

Asubuhi ilipofika alirudi kwenye ukuta wa ghala, kwenye kuku, kwenye majani makavu. Alianza mwanzo kabisa, kama mtu asiyejua lolote. Bibi Daulat alichukua fimbo yake akaja akakaa kwenye jiwe.

Siku ya kuhama wanawake walipakwa unga begani kwa heri, mmoja mmoja, mlangoni. Bibi Daulat alimpaka mkwe wake unga mwingi mno, mpaka ukamwingia sikioni. Gulandam alikuwa hajafika Puani tangu utotoni. Mazoezi yalimfikisha kwenye jiwe jeusi na kona na kipande baada ya kona, basi. Msimu haukumsubiri. Alimwambia mama mkwe wake kwa sauti ya chini kwamba anadhani atakufa leo.

"Basi kafie mbele ya lile jiwe jeusi," Bibi Daulat alisema. "Ukilipita, nitafutie jiwe jingine."

Ng'ombe mzee alitangulia, kama desturi, kwa sababu anakumbuka pa kukanyaga. Wengine wakamfuata, kisha mbuzi na kondoo, kisha wanawake wenye matenga, wakiachana, maana fito hazipendi msongamano. Ukishaingia hakuna kurudi. Hakuna pa kugeuzia tenga. Gulandam aliwekwa kati, na nyuma yake, kwa bahati au kwa fitina, akawa Zewar.

Zewar alianza kumsema tangu fito za kwanza. Alipaza sauti juu ya mto. Alisema angalia anavyotembea, kama ana yai. Alisema kile kibanda atakipaka chokaa. Aliuliza kama Bibi Bondeni ameaga vizuri. Gulandam alimsikia nusu. Alikuwa na jiwe jeusi mbele ya macho, hilo tu, na alipolifikia akatafuta jingine, mche mkavu uliochomoza kwenye ufa, na alipoufikia akatafuta jingine tena, doa la kinyesi cha ndege. Dunia yote ikawa ni kitu kimoja kidogo mbele yake, na kikiisha anaomba kingine. Bega lake la ndani lilikuwa baridi kwa upepo uliopita kati yake na ukuta. Alitaka ule ukuta jinsi mtoto anavyotaka nyonyo.

Kisha hapakuwa na doa wala mche. Palikuwa na Puani.

Jabali lilitokeza kama alivyolikumbuka, ila alilikumbuka refu zaidi. Ng'ombe waliotangulia walikuwa wameng'oa jiwe bapa moja, na palipokuwa jiwe palibaki fito mbili tu, na kati ya fito mbili mto. Gulandam alisimama. Mguu wa kushoto ulianza kucheza wenyewe, goti likipiga kama mtu anashona kwa cherehani, na alijua akiuangalia ataanguka, na akauangalia. Mwili wake ukaanza kwenda ukutani. Aliuhisi ukienda. Hakuutuma.

Tenga likagusa mwamba. Likakwaruza kidogo.

Nyuma yake matusi yalikatika. Kwa muda hakukuwa na kitu ila maji. Kisha Zewar akasema, karibu sana, kwa sauti ambayo Gulandam hakuwahi kuisikia kwake. "Wifi. Usisimame hapo. Tafadhali."

Gulandam aliitazama fito ya nje.

"Mimi hupiga kelele njia nzima," Zewar alisema, "kwa kuwa nikinyamaza nausikia mto. Sasa nausikia. Miguu yangu inakwenda yenyewe, wifi. Ukisimama nitaanguka mimi."

Haikumpa ujasiri, asidanganywe mtu. Ilimwogopesha zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wawili. Lakini hofu ya pili ilikaa mahali tofauti na ya kwanza. Gulandam aliweka kidole kidogo kwenye mwamba, kile kimoja, akausukuma mwili wake nje, hewani, kiasi cha upana wa mkate. Tenga likaachia. Akaondoa kidole. Akaweka mguu kwenye fito ya nje, ikanesa, ikamshika. Mguu wa pili. Fito mbili, hewa, jiwe bapa. Jiwe lilikaa.

"Wifi," alisema bila kugeuka, na sauti ilitoka kama ya mgonjwa, "endelea kunitukana."

Zewar alimtukana. Alianza na babu zao, akateremka. Alimtukana Gulandam kwa mwendo wake, kwa mikate yake migumu, kwa mume wake mvivu, kwa pua yake, na sauti ilikuwa inatetemeka kote, mpaka miguu yao yote minne ikawa juu ya udongo na nyasi na kinyesi cha ng'ombe, na hapo Zewar akakaa chini ghafla na tenga lake, akafunika uso. Hakuna aliyecheka. Wanawake wengine walikuwa wamekaa hivyo hivyo, huku na huku kwenye majani, mmoja akisugua mapaja, mwingine akilia bila sauti kama anavyofanya kila mwaka. Gulandam aliwatazama. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hili. Wakirudi bondeni vuli husimulia siagi na maziwa tu.

Kibanda kilikuwa kimeota majani juu ya paa, na panya walikuwa wamefanya makao kwenye meko. Gulandam alifagia kwa tawi. Njiti za kiberiti zilivunjika, nyingine zikaanguka. Mwishowe kinyesi kikavu kikashika, moshi ukajaa ndani, ukatafuta tundu la paa, ukatoka. Alikaa mbele yake machozi yakimtoka, na hangeweza kusema ni ya moshi au ya nini.

Zewar alipita mlangoni kwenda kukamua. Alisimama, akautazama moshi, akaitazama boriti ya paa. Alikuwa amekwisha kunawa uso. Akasema paa hilo linavuja upande wa kusini, na kwamba mwaka ujao mtu akizubaa yeye bado anakitaka kibanda.

Gulandam akamwambia aingie anywe chai kwanza, maana mwaka ujao ni mbali.

Walikunywa. Nje mifugo ilikuwa imetawanyika kwenye majani mapya, na baridi ilikuwa inashuka. Gulandam alikuwa anasikiliza. Kutoka pale kibandani mto hausikiki kabisa, na kimya hicho kilimtisha, kwa sababu alijua vuli itafika, na njia ya kurudi ndiyo ile ile, na kutoka upande huu Puani panakuja mapema.

Asubuhi, alipomaliza kukamua, aliuchukua mkate na bakuli la chai, akateremka mpaka njia inapoanzia. Alikaa akaitazama kidogo. Kisha akakanyaga fito za kwanza kwa upande huu, zikanesa, akarudi.

Zewar alikuwa amemfuata na bakuli lake. "Sogea," alisema, akakaa kando yake.